Makame anaelea: shajara ya tangi la farasi-bahari

9 Januari

Nimetoka zamu ya usiku kwenye bohari saa kumi na mbili asubuhi, sijavua hata koti, nikamwona Makame yuko juu. Mkia umeelekea dari, mdomo umeelekea mchangani, na pezi la mgongoni linapiga kwa nguvu zote ili ateremke. Akishuka shibiri moja anachoka, anapanda tena kama kizibo. Mfuko wake wa tumboni, ule wa kubebea watoto, umefura mpaka ngozi inang'aa.

Kwa atakayesoma bila kulijua tangi lenyewe: lita 208, kina sentimita 53, liko sebuleni kwetu hapa Columbus, Ohio. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo la kuchujia maji na pampu ya kuyarudisha juu. Wakazi ni watatu wa aina ya Hippocampus erectus, farasi-bahari wa pwani za Atlantiki, waliozaliwa na kukulia kwenye matangi ya mfugaji. Makame ni dume. Mwanaidi ni mkewe. Pili ni jike wa pili, jina halikunisumbua. Joto nyuzi 22, chumvi 1.024 (uzito wa maji ukilinganishwa na wa maji matamu), chakula ni uduvi wa kugandishwa asubuhi na jioni, kwa kuwa viumbe hawa hawana tumbo la kuweka akiba, kinachoingia kinapita.

Kwanza nilijipa moyo kwamba anatongoza. Dume akimtaka jike huujaza mfuko maji na kuutunisha, na mwaka jana nilipoliona hilo mara ya kwanza nusura nimpigie daktari. Lakini mfuko wa maji hauelei. Nikaweka tochi ya simu nyuma ya kioo, nikaona kiputo kinahama kila Makame akiinama, kama kile cha pimamaji ya fundi. Gesi hiyo.

10 Januari

Nimemtoa gesi mwenyewe. Kazi yote hufanyika chini ya maji, maana ukimtoa nje anaweza kuvuta hewa nyingine ukawa umeongeza tatizo. Nilitumia mrija laini wa kanula, ule unaobaki mshipani hospitalini baada ya sindano kuchomolewa. Mlango wa mfuko uko upande wa juu, pale tumbo linapokwisha. Ni mpasuko mdogo sana. Makame alijifunga mkia kwenye kidole changu kama mtoto anayeshika mkono wa mama kwenye chanjo. Ncha ya mrija ikaingia milimita chache, nikaukanda mfuko taratibu kutoka chini kwenda juu, kiputo kikubwa kikatoka, kikafuatiwa na vidogo viwili vitatu.

Nilipomwachia akazama sawasawa, akashika tawi la plastiki, akala uduvi sita. Nililala saa nne nzima bila kuota.

12 Januari

Amerudi juu.

13 Januari

Nimempata daktari wa mifugo anayekubali kuwaona samaki, mwendo wa dakika 50 kwa gari. Makame alisafiri ndani ya mfuko wa plastiki uliowekwa kwenye kasha la kutunzia baridi, kasha ambalo majirani wanalijua kwa sambusa.

Daktari amethibitisha ugonjwa wa viputo vya gesi. Akanieleza kwamba mfuko si mahali pekee. Gesi inaweza kukaa chini ya ngozi ya mkia au ya mdomo, inaweza kujaa nyuma ya jicho likatoka nje, inaweza kuzidi ndani ya kibofu cha kuelea. Ila kwa madume, gesi ya mfukoni ndiyo huwapata zaidi, kwa sababu ukuta wa mfuko una mishipa mingi ya damu, ile ya kuwalisha na kuwapa watoto hewa wakati wa mimba. Ndiyo, dume ndiye anayebeba mimba. Kila mgeni wangu hucheka hapo, halafu huangalia pembeni kama kuna mumewe.

Dawa aliyoandika ni asetazolamidi, vidonge vya miligramu 250. Nikalisoma jina la biashara nikasema hii naijua: Diamox! Shemeji yangu ni mpagazi Marangu, na wageni wanaopanda Kilimanjaro huimeza kuzuia ugonjwa wa kimo. Watu wenye presha ya macho nao huitumia. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoharakisha kaboni dioksaidi kuungana na maji, na kurudi tena kuwa gesi. Dawa hii hukifunga breki. Kwa farasi-bahari inasaidia gesi isijikusanye upya kwenye tishu.

Dozi niliyopewa: kidonge kimoja kwa lita 38 za maji, ndani ya tangi la wagonjwa lililo peke yake. Langu ni la lita 19, kwa hiyo nusu kidonge. Kila siku maji yote yanamwagwa, yanawekwa mapya yenye joto na chumvi ileile, na dawa upya.

14–17 Januari

Siku ya kwanza: kidonge kinayeyuka kwa shida, nimekisaga kwa mgongo wa kijiko. Makame ametulia.

Siku ya pili: amekula wanne.

Siku ya tatu: hakula. Daktari alinionya kwamba dawa hii hukata hamu ya chakula. Mfuko umerudi kufura.

Siku ya nne: kwenye mkia, upande wa ndani, pana malengelenge mawili madogo, meupe, kama chumvi ya mawe chini ya ngozi. Hayakuwepo alipoingia tangi la wagonjwa. Yaani anaugulia hospitalini ugonjwa aliokuja kutibiwa, na mwenye hospitali ni mimi.

18 Januari

Nimesimamisha dawa kwa idhini ya daktari. Makame amerudishwa tangi kubwa. Sina la kuandika.

20 Januari

Leo Pili.

Mwanangu ndiye aliyemwona wakati anavaa viatu vya shule. "Mama, Pili ana chunusi." Mkiani, viputo vitano vimejipanga. Pili ni jike. Hana mfuko, hajawahi kubeba mimba, hana mabaki ya watoto waliokufa ndani mwake yanayooza na kutoa gesi. Yale maelezo yote niliyokuwa nimejipangia, kwamba tatizo liko ndani ya mfuko wa Makame, yameporomoka kabla sijamaliza chai.

Sikuvitoboa. Nilitamani, lakini kidonda wazi mkiani ni mlango wa bakteria, hasa jamii ya vibrio ambao wamo kwenye kila tangi la maji chumvi, wanangoja nafasi.

21 Januari

Nimempigia mjomba Tanga. Nilitaka salamu tu, lakini moyo ukiwa mzito mdomo hausubiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Baridi hiyo haijaisha?"

Nikamweleza. Kwanza alicheka mpaka akakohoa. Farasi-bahari kwake ni kitu kinachonasa kwenye dema, mtego wa samaki, unakitupa majini, au zamani ukikikausha alikuwepo wa kukinunua. (Biashara hiyo sasa ina masharti: tangu 2004 farasi-bahari wote wamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na huwezi kuwavusha mpaka bila vibali.) Nikamwambia nimesoma kwamba tangi lenye kina kifupi ndilo linalowaletea gesi, na pengine ninunue refu zaidi.

"Kina kifupi?" akasema. "Sisi bamvua likikupwa tunawakuta kwenye majani ya bahari, maji ya magotini. Wamejishikilia, wazima. Sijaona aliyeelea hata mmoja."

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Chewa ndiye namjua. Ukimtoa kina kirefu kwa haraka, tumbo linafura, macho yanatoka. Lakini huyo kabadilishiwa kina. Wako kina chake ni kilekile cha mwaka jana?"

"Kilekile."

"Basi tazama maji. Samaki hakubadilika, kina hakikubadilika."

Mjomba hajawahi kufuga samaki hata siku moja.

22 Januari

Nimekaa na kalamu na karatasi. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kila sentimita 10 ni asilimia moja. Chini kabisa ya tangi langu, sentimita 53, mgandamizo wa ziada ni kama asilimia 5. Maana yake ni kwamba maji yangu yakiwa na gesi ya ziada ya asilimia 5, chini anaweza kupona, lakini juu, anakoelea, hapana. Yakiwa na ziada ya asilimia 15, hakuna pa kukimbilia. Ningenunua tangi la sentimita 70, ningepata nafuu isiyofika asilimia 2, kwa dola mia kadhaa. Wa magotini kule Tanga huenda maji yao hayana ziada, na yakiwa nayo wanaogelea kwenda chini.

Vipimo vya gesi yote iliyoyeyuka vipo lakini bei yake si ya mtu wa bohari. Nikafanya cha kienyeji: nikaosha gilasi safi kabisa, nikaizamisha tangini, nikakaa nayo dakika 20. Ikavaa viputo vidogo ndani na nje, kama gilasi ya soda. Nikaingiza mkono, vinyweleo vikafanya hivyohivyo.

Mwanangu akasema, "Maji yana moshi."

Nimeishi na moshi huo sijui wiki ngapi nikidhani ni vumbi la chakula. Ni viputo vyembamba mno vinavyotoka kwenye bomba la kurudishia maji.

22 Januari, usiku

Nimeomba ruhusa kazini. Nimefungua kabati.

Maji ya tangi la chini yako chini ya alama kwa vidole vinne. Pampu inakoroma: inavuta maji na hewa pamoja, inaisaga hewa ile ndani ya mapanga yake, inaisukuma kwa nguvu kupanda bomba, na hewa iliyogandamizwa hivyo huyeyuka zaidi ya maji yanavyopaswa kubeba. Ikifika juu ndipo inapotafuta pa kutokea. Damu ya samaki nayo ni maji.

Kwa nini maji yamepungua? Kuna kifaa cha kujaza maji chenye boya. Boya likishuka, maji matamu yanaingia. Nikalivuta boya. Konokono amejibana chini yake, mkubwa kama punje ya harage, amelishikilia lisishuke. Na hii ni Januari: mitambo ya kupasha nyumba joto inapuliza hewa moto kavu usiku na mchana, tangi linapoteza karibu lita 4 kwa siku, mara mbili ya kiangazi. Chumvi nimepima, 1.027. Nilikuwa sijapima tangu tarehe 9, nikiwa bize na mfuko wa Makame.

Konokono nimemtoa. Nimemweka kwenye gilasi, nikamwangalia kwa muda. Sikumfanya kitu.

Nimejaza maji kidogokidogo, kwa saa nyingi, ili chumvi isishuke ghafla. Nimekaza vifungo vya bomba. Nimeweka jiwe la hewa, lile linalopulizwa hewa likatoa viputo, juujuu ndani ya tangi kubwa. Wengi huogopa jiwe la hewa kwenye tangi la farasi-bahari, wakidhani viputo ndivyo vinavyoingia mwilini. Viputo vikubwa vinavyopanda na kupasuka vinafanya kinyume: vinatikisa maji, gesi iliyozidi inapata njia ya kutoka.

24 Januari

Gilasi imekaa dakika 20, imebaki safi. Moshi umekwisha.

Lakini kuna jambo linanisumbua tangu jana. Kama pampu ndiyo mkosaji, Makame alipata vipi malengelenge ya mkia kwenye tangi la wagonjwa? Kule hakuna pampu. Kuna kichujio cha sponji na basi.

Nimelikumbuka jibu nikiwa natandika kitanda, nikaketi.

Maji ya kubadilisha nilikuwa nayaweka gerejini, kwenye pipa. Gereji yetu majira haya iko nyuzi 10 hivi. Nilikuwa nateka ndoo, natia hita, napasha kwa haraka hadi 22, nayamwaga tangini. Maji baridi hushika gesi nyingi kuliko ya vuguvugu. Ukiyapasha kutoka 10 hadi 22 bila kuyatikisa, gesi haina muda wa kutoka, na unabaki na ziada ya asilimia 20 na ushee. Tangi la wagonjwa lina kina cha sentimita 25. Asilimia mbili na nusu dhidi ya ishirini. Kila siku, kwa siku nne, nilimwogesha Makame dawa ya kuondoa gesi ndani ya maji yaliyofurika gesi, na nilifuata maelekezo yote.

25 Januari

Utaratibu mpya wa maji: pipa limehamia jikoni, karibu na friji. Kila maji yanayoandaliwa yanakaa saa 24 katika joto la tangi, yakiwa na jiwe la hewa. Kabla ya kuyatumia, gilasi dakika 20. Mume wangu anauliza pipa litakaa jikoni mpaka lini. Nimemjibu mpaka mwezi wa nne.

Daktari ameandika duru ya pili kwa wote wawili, Makame na Pili. Safari hii mfuko wa Makame aliusafisha mwenyewe: alitoa gesi, kisha akaingiza mchanganyiko mwepesi wa asetazolamidi kwa mrija uleule, polepole, akauacha ndani.

26–31 Januari

Makame, siku ya 2: amezama. Siku ya 3: hakula, kama ilivyotarajiwa. Siku ya 4: malengelenge ya mkiani yamenywea, yamebaki kama makunyanzi. Siku ya 5: kala watatu. Siku ya 6: amerudi tangi kubwa, Mwanaidi akamfuata mpaka kwenye tawi lake, wakafungana mikia.

Pili ni habari nyingine. Viputo viwili vilipasuka vyenyewe tarehe 27, pakabaki weupe uliochanika. Weupe huo umepanda. Daktari ameongeza dawa ya kuua bakteria, na ameniambia nishushe joto la tangi lake hadi nyuzi 20, kwa kuwa vibrio hupenda joto. Nyuzi 20 erectus anaivumilia vizuri. Napima amonia asubuhi na jioni, sababu dawa ya aina hiyo huua pia bakteria wema wa sponji wanaoondoa sumu hiyo.

2 Februari

Pili amekufa alfajiri. Alikuwa amejishikilia, hakuelea.

Ardhi nje imeganda kama saruji. Nimemfukia kwenye chungu cha mrehani dirishani. Mwanangu ameuliza kama mrehani utanuka samaki.

8 Februari

Makame: hakuna gesi, siku ya nane tangu atoke. Chumvi 1.024. Maji yaliyoongezwa: lita 4.

15 Februari

Mtu wa kanisa la jirani, anayefuga erectus wawili, amekuja kuniuliza anunue Diamox wapi. Dume lake linaelea. Nimempa jina la daktari. Halafu nikamwomba twende kwake na gilasi yangu. Ya kwake ilikaa safi dakika 20, kwa hiyo si maji. Dume lake lilizaa wiki iliyopita na huenda kuna mabaki mfukoni. Sikumshauri zaidi ya hapo. Viputo ni vilevile, asili si moja, na mimi ninachokijua ni asili ya kwangu.

1 Machi

Boya jipya limefika. Nimefunga mawili, moja juu ya jingine, na nyavu ya kuzuia konokono imetengenezwa kwa kifuniko cha chujio la chai.

Nimemtumia mjomba picha ya Makame. Amejibu kwa sauti: "Huyo mnene. Unamlisha nini?"

14 Machi

Alfajiri taa ya tangi ilipowaka, Makame alikuwa amegeuka rangi, kutoka hudhurungi kuwa njano ya embe. Alikuwa anamzunguka Mwanaidi, anainama, anainuka, na mfuko umetuna mpaka pomoni. Moyo ulinidunda. Nilipiga magoti mbele ya kioo na tochi ya simu, nikamwangalia akiinama mara tano, mara sita. Hakuna kiputo kinachohama. Akaachia maji yote kwa mkupuo, akashuka taratibu, akashika tawi.

Gilasi: safi. Chumvi: 1.024. Maji yaliyoongezwa: lita 3. Konokono kwenye nyavu: wawili.